Je, Wajua? Nyaya za Trekta la Zamani

Je, wajua kwamba kwenye trekta la Ferguson TE20, lile la kijivu lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, huwezi kukuta kitufe cha stata kwenye dashibodi? Stata huwashwa kwa mkono wa gia. Swichi yake imekaa juu ya giaboksi, na mkono ukisukumwa hadi penye herufi S, injini inazungushwa. Hapo hakuna gia iliyoingia, kwa hiyo trekta haliwezi kuruka mbele. Zaidi ya matrekta nusu milioni yalitoka kiwandani yakiwa hivyo. Ukianza kulifunga upya nyaya, usitoboe tundu jipya la kitufe kabla hujakagua swichi hiyo.

Je, wajua kuwa matrekta mengi ya zama hizo yalifungwa chanya kwenye bodi? Ferguson ndivyo ilivyokuwa, na Ford 8N ya Marekani (1947–1952), yenye betri ya volti 6, nayo vilevile. Fundi aliyezoea magari ya leo hufunga hasi kwenye bodi bila kufikiri, na papo hapo mfumo mzima unageuka. Hata kanuni ya usalama inageuka. Tunafundishwa kutoa ethi, yaani waya wa betri unaofungwa kwenye bodi, kwanza na kuirudisha mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Kwenye matrekta haya ethi ni chanya, kwa hiyo inayotangulia kutoka ni chanya. Fuata waya mnene wa betri kwa macho hadi unapofungwa kwenye bodi. Usiamini rangi ya kofia ya betri.

Je, wajua namna ya kutofautisha dainamo na altaneta bila kufungua kitu? Dainamo ni ndefu na nyembamba, kama kipande cha bomba. Altaneta ni fupi na nene, ina matundu mengi ya hewa. Dainamo ya Lucas ina vituo viwili nyuma: kikubwa ni D, kinachotoa umeme, kidogo ni F, kinachoamsha sumaku za ndani. Usichanganye nyaya zake, kwani kontakti za katauti, sanduku la kudhibiti chaji, zinaweza kuungua.

Je, wajua kwamba dainamo inaweza kujaribiwa ikiwa palepale kwenye injini? Ondoa nyaya zake zote mbili, unganisha D na F kwa kipande cha waya, weka mita kati ya kipande hicho na bodi, kisha washa injini kwa mwendo wa taratibu. Volti zikipanda haraka kupita za betri, dainamo ni nzima na ubovu uko mbele: kwenye katauti au kwenye waya. Zisipopanda, kagua kaboni kabla ya kuihukumu. Usiongeze mwendo wakati wa jaribio hili, maana hakuna kinachoizuia.

Dainamo ya Lucas iliyolala miaka mingi, au iliyogeuziwa betri, hufundishwa upya: nyaya zake zikiwa zimetolewa, gusisha F kwa waya wa moto kutoka kwenye betri, mara moja tu, kwa kitambo kifupi. Dainamo za makampuni mengine zina njia yao, kwa hiyo usihamishe mbinu hii ovyo. Altaneta haina msamaha huo kabisa. Geuza betri, na diodi zake zimekwisha.

Je, wajua kwamba sanduku dogo jeusi ambalo mafundi wengi huliita katauti lina kazi mbili? Fungua kifuniko cha Lucas RB106 uone koili mbili. Moja hufunga njia dainamo inapozalisha na kuikata injini inapozimika, betri isimwagike kurudi kwenye dainamo. Nyingine hupima volti na kupunguza chaji. Herufi zake ndizo ramani yako: D na F kwenda kwenye dainamo, A kwenda kwenye betri kupitia amita, A1 kwenda kwenye swichi na taa, E kwenda kwenye bodi. E ndiyo inayodharauliwa zaidi. Ikiota kutu au ikifungwa juu ya rangi, sanduku halijui linapima nini, na chaji inavurugika. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kuanzia unapotafuta ubovu wa chaji: kwangua hadi chuma king'ae.

Je, wajua kuwa rangi za nyaya za Kiingereza zilikuwa na maana? Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nyeupe hupata moto swichi ikiwashwa. Kijani hupitia fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Lakini jua, grisi na mafundi wengi waliopita kwa miaka mingi wameshazivuruga. Piga picha, funga lebo kwenye kila ncha kabla ya kukata, kisha thibitisha kwa mita.

Je, wajua kwamba volti 6 zinahitaji waya mnene kuliko volti 12? Kwa nguvu ileile, amperi zinakuwa mara mbili. Stata ya volti 6 inayozunguka kivivu mara nyingi imefungiwa nyaya za betri zilizo nyembamba mno.

Koili ya zamani imeandikwa SW na CB. SW hupokea moto wa swichi. CB huenda kwenye distribyuta. Ukigeuza trekta kuwa na ethi hasi, geuza na nyaya hizo mbili, la sivyo cheche zinadhoofika.

Je, wajua kwamba injini ya dizeli ya Massey Ferguson 35 au 135 ikishawaka haihitaji umeme wowote kuendelea? Ndiyo maana huzimwa kwa kuvuta waya wa kukata mafuta. Usitafute koili humo. Kwenye Perkins ya silinda 3 utaona, kwenye njia ya hewa, kifaa kidogo chenye waya mmoja na bomba jembamba la dizeli: ni hita, inayochoma mafuta kidogo ili kupasha hewa moto. Kwenye asubuhi za baridi za Njombe au Uasin Gishu utajua thamani yake.

Trekta lako likiwa na magneto badala ya koili, jua kwamba magneto hiyo inajitengenezea umeme wake. Usiiunganishe na betri. Sumaku zake zinaweza kudhoofika.

Je, wajua kuwa hata MF 35 na 135 zina swichi ya usalama inayozuia stata mkono wa gia usipokuwa mahali pake? Ni kidude kidogo chenye nyaya mbili, na mara nyingi utakikuta kimeunganishwa moja kwa moja ili kisisumbue. Trekta la namna hiyo huwaka likiwa ndani ya gia, na anayeliwasha akiwa amesimama chini, mbele ya gurudumu la nyuma, hana pa kukimbilia. Ndugu fundi, ukifunga nyaya mpya, irudishe swichi hiyo. Mwenye trekta akikuomba uiache, kataa.