Mwendo wa Kutwa

 Leo tunazungumza juu ya kutembea kwa miguu. Huenda mwingine akauliza, "Kwani hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa redioni?" Hebu tulitazame pamoja.

Huko Scotland kuna njia ndefu ya waendao kwa miguu, iitwayo West Highland Way, iliyofunguliwa mwaka 1980. Yaanzia Milngavie karibu na Glasgow, hufuata ukingo wa ziwa Loch Lomond, hukata nyika ya Rannoch Moor, na kuishia Fort William chini ya mlima Ben Nevis. Urefu wake ni kilomita 154. Watu huchukua likizo ili waitembee, na wengi huimaliza kwa muda wa wiki moja hivi. Kila asubuhi hufunga viatu barabara na kutazama mawingu, maana mvua ya huko haikawii. Wakati wa kiangazi usubi huwauma. Wengine hulipa ili mzigo wao upelekwe kwa gari hadi mahali pa kulala. Wakifika mwisho hupongezana, na wanastahili.

Sasa turudi kwetu Eastlands. Tuseme yuko jirani anayefanya kibarua Industrial Area. Akilipa nauli ya kwenda na kurudi, unga wa jioni hupungua. Kwa hiyo hutembea. Kwenda ni kilomita 6, kurudi 6, jumla 12 kwa siku. Kwa siku 13 za kazi amekwenda kilomita 156. Yaani kwa wiki mbili na siku moja amekwisha kuimaliza njia yote ya Scotland na kuzidi kidogo, kisha huanza tena. Na kama ni habari ya kupanda juu, Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza, una mita 1,345. Nairobi yetu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Jirani huyu hulala juu kuliko kilele kile, wala hakuna ampongezaye.

Mtu mzima mwenye afya huenda kama kilomita 5 kwa saa. Basi jirani yetu huhitaji saa moja na robo kufika, naye huondoka kabla ya jua kuchomoza. Hupenda kwenda na wenzake, kwa sababu gizani kundi huogopwa na wezi. Tena penye kuvuka barabara, dereva huona watu kumi upesi kuliko mmoja. Jambo hili si dogo, kwa kuwa nchini Kenya wanaokufa kwa wingi barabarani ni waendao kwa miguu.

Lakini kundi lina hatari yake. Wenye nguvu hutangulia, wachovu hubaki nyuma, na kila mmoja hudhani kwamba aliyebaki yuko na wengine. Kwa sababu hiyo viongozi wenye busara wa safari za milimani humweka mtu hodari awe wa mwisho, na mwendo wa wote hupimwa kwa hatua za aliye dhaifu.

Luka, katika sura ya pili, atueleza habari ya kundi la namna hiyo. Yusufu na Mariamu walikuwa wakirudi Nazareti kutoka sikukuu ya Pasaka huko Yerusalemu. Walitembea siku nzima wakidhani mtoto Yesu, aliyekuwa na miaka 12, yumo katika msafara. Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa kati ya ndugu na majirani, na penye watu wengi ni rahisi kudhani. Jioni walipomtafuta hawakumwona. Nao hawakusema, "Tumekwisha choka, tutauliza kesho kutwa." Walirudi njia ile ile, wakamtafuta mpaka wakampata.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo neno linapotugusa. Katika mitaa yetu, iwe ni Kaloleni, Makadara, Umoja au Dandora, msafara wa asubuhi ni mkubwa mno. Mmoja akikosekana, nafasi yake hujazwa upesi. Pengine ameachishwa kazi, au mguu umevimba, au amefiwa. Sisi twadhani yuko na wengine.

Basi tufanye mambo matatu. Kwanza, tujue majina ya wale tutembeao nao, na mlango wa nyumba zao. Pili, mtu asipoonekana siku mbili, mmoja wetu abishe hodi jioni ile. Tatu, tumkumbuke aliyeajiriwa juzi. Mshahara wake wa kwanza uko mwisho wa mwezi, na nauli yahitajika leo. Ushirika ukichanga kidogo kidogo, waweza kumvusha mwezi huo. Haba na haba hujaza kibaba.

Jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, tuhesabu msafara wetu. Kama yuko asiyeonekana, bado hatujafika nyumbani. Bwana awalinde nyote mlioko njiani. Amina.