DAWA ZA FANGASI ZINAPOKUTANA NA DAWA NYINGINE



Ndugu wasomaji, mapunye tunayajua sana madrasani. Tunakaa bega kwa bega, tunaazimana kofia na vitana, na fangasi wa kichwani hupitia humo humo. Dawa ya kupaka peke yake haiwamalizi fangasi walioingia ndani ya unywele, ndiyo maana daktari humwandikia mtoto vidonge, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi.

Hatari huanza pale vidonge vya fangasi vinapogawiwa nyumbani kama halua, bila kuuliza anayevimeza anatumia dawa gani nyingine. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini, na baadhi ya dawa za fangasi huingilia kazi hiyo kwa njia mbili.

Kwanza, zipo zinazoliharakisha ini. Griseofulvini yaweza kuipunguzia nguvu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na pia vidonge vya uzazi wa mpango. Mjamzito hatakiwi kabisa kuimeza. Na kwa mtoto wa kifafa anayetumia fenobabitali, griseofulvini yenyewe ndiyo hupungua nguvu, mapunye yakachelewa kupona.

Pili, zipo zinazolizuia ini, kama flukonazoli. Hapo dawa nyingine hurundikana mwilini. Warfarini ikizidi, mtu huvuja damu. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari, ikizidi, sukari hushuka mno: mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, hata kuzimia. Akiwa amefunga, hatari huongezeka. Akiona dalili hizo afungue mara moja, anywe kitu chenye sukari, kisha apelekwe hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa.

Basi tufanye nini?

1. Tusigawane vidonge, hata kama maradhi yanafanana.
2. Tukienda hospitali au duka la dawa, tubebe pakiti za dawa zote zinazotumika, na tutaje pia dawa za mitishamba.
3. Tusiache wala kuongeza dawa bila kumuuliza daktari.

Sisi wanafunzi ndio tunaowasomea bibi na babu maandishi ya pakiti. Tukisoma kwa makini tutakuwa tumewahifadhi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia yetu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.