Wakaaji na Hali ya Hewa ya Nyumba Wakati wa Kipupwe

Nyumba mbili zilizojengwa kwa tofali za namna moja na kuezekwa kwa bati katika kijiji kimoja cha Meru zaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa ndani yake. Moja ni kavu na hewa yake ni safi. Nyingine ina moshi, kuta zake zina ukungu, na gunia la mkaa humalizika upesi. Tofauti hiyo haikuletwa na fundi. Yatokana na wakaaji wenyewe: saa wanazofungua madirisha, mahali wanapopikia, na jinsi wanavyotumia moto.

Mji wa Arusha uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya mlimani viko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huufunika mlima kwa siku nyingi. Nyumba za kale ziliezekwa kwa majani mazito, na mifugo iliyolala ndani iliongeza joto. Bati halina sifa hiyo: hupata joto upesi mchana, na usiku hulipoteza upesi vilevile. Mvuke wa pumzi na wa sufuria ukiligusa bati baridi hugeuka maji na kudondoka kitandani alfajiri, na mwenye nyumba huenda kutafuta tundu lisilokuwapo.

Baridi inapozidi, wengine huziba kila upenyo na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Desturi hii huua. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala aweza kufa bila kuamka. Kutokuwapo kwa moshi si dalili ya usalama, kwani mkaa uliokolea, usiotoa moshi, ndio unaodanganya zaidi. Anayeumwa kichwa na kuona kizunguzungu karibu na jiko hapana budi atolewe nje mara moja. Chumba cha kulala hupata nafuu kwa dari, kwa blanketi, na kwa madirisha yaliyofunguliwa wakati wa jua la mchana kisha kufungwa jioni.

Jikoni nako mazoea ya mpishi yana uzito. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba uchafu wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa wale ambao bado wanapikia kuni, mahindi na maharage ya makande yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, sufuria iliyofunikwa hutunza joto, na kuni zilizopasuliwa na kukaushwa hutoa moshi mchache kuliko kuni mbichi.

Ghala la chama cha msingi nalo lina mkaaji wake, yaani mtunza ghala. Kahawa ya maganda iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 11 hivi hufyonza tena maji kutoka katika hewa. Mlango ukifunguliwa asubuhi yenye ukungu, kwa nia njema ya kupitisha hewa, kazi ya siku nyingi za kuanika huanza kupotea, na kuvu hupata makazi. Inafaa ghala lifunguliwe jua likiwa kali na hewa kavu, lifungwe kabla ya umande, na magunia yakae juu ya vichaga mbali na ukuta. Halmashauri isiyomwandikia mtunza ghala utaratibu huo haina haki ya kumlaumu yeye peke yake daraja la kahawa linaposhuka.