Majivu ya Jikoni na Umri wa Miji Yetu

Mtoto akimuuliza bibi yake mji wao ulianza lini, aghalabu hujibiwa kwamba ulikuwapo tangu enzi na enzi. Jibu hilo lina heshima yake, lakini mtoto asomaye hurudi na swali lile lile. Tarikhi za Pate na za Kilwa hututajia masultani, vita na safari. Hazitwambii mwanamke wa kwanza wa mji aliwasha moto wake mwaka gani. Ajabu ni kwamba moto huo ndio uliotunza jibu. Wachunguzi wa mambo ya kale huupata umri wa miji yetu katika makaa, punje zilizoungua na mifupa ya kitoweo, yaani katika taka ambazo mama zetu walizifagia wakazitupa nyuma ya nyumba.

Saa iliyomo ndani ya punje

Kila chenye uhai kina kaboni. Sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo ni ya aina iitwayo kaboni 14, ambayo huzaliwa juu angani pale mionzi itokayo mbali inapogonga hewa ya naitrojeni. Mmea huivuta pamoja na hewa, mnyama huipata kwa kula mmea, na sisi huipata kwa kula vyote viwili. Maadamu kiumbe kinaishi, kinachopungua hujazwa. Kikishakufa, mlango umefungwa: hakiingii kipya, na kilichomo huyeyuka kidogo kidogo kwa kipimo kisichobadilika. Kila ipitapo miaka 5,730, nusu ya kaboni 14 iliyokuwapo huwa imetoweka. Ikibaki robo, imepita miaka 11,460.

Aliyegundua namna ya kuisoma saa hii ni Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyetangaza matokeo ya kwanza pamoja na wenzake mwaka 1949, na mwaka 1960 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Siku hizo ilihitajika konzi nzima ya makaa. Leo mashine zinazohesabu atomu zenyewe hutosheka na punje moja ya mtama.

Namna punje hiyo inavyopatikana haitamshangaza mama yeyote aoshaye mchele. Udongo uliochimbwa humiminwa ndani ya pipa la maji na kukorogwa taratibu. Mchanga na mawe huzama. Makaa na mbegu zilizoungua huelea kama makapi. Huenguliwa kwa kitambaa chembamba, hukaushwa kivulini, kisha huchambuliwa moja moja.

Si kila kitu husema kweli

Mpimaji asiyechagua vema atapewa jibu la uongo. Boriti ya mti mkubwa huonyesha wakati ile sehemu ya shina ilipoota, si siku nyumba ilipojengwa. Na boriti nzuri huweza kung'olewa katika nyumba moja ikatumika katika nyingine. Punje ya nafaka haina hila hiyo, kwani iliota na kuvunwa katika msimu mmoja.

Pwani tuna mtihani mwingine, nao ni bahari. Maji ya vilindini hukaa na kaboni kuukuu, na viumbe wa baharini hujengeka kwayo. Kwa hiyo kombe la chaza huweza kuonekana la kale kuliko umri wake wa kweli kwa miaka mia kadhaa. Hata mifupa ya mtu aliyekula samaki maisha yake yote hubeba athari hiyo, na mpimaji hana budi kuisahihisha. Nazo kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hazipimiki kirahisi, kwa kuwa matumbawe nayo ni ya baharini. Lakini kipande cha mkaa wa tanuu kilichonaswa ndani ya chokaa chaweza kutoa ushahidi.

Tena jibu la maabara si mwaka mmoja, bali ni kipindi. Kwa kuwa kiasi cha kaboni 14 angani hakikuwa sawa katika kila zama, vipimo husawazishwa kwa kulinganishwa na pete za miti ambazo umri wake unajulikana mwaka kwa mwaka. Basi mtu akikuambia nyumba fulani ni ya mwaka 812 barabara, kwa kipimo cha kaboni peke yake, amezidisha.

Yaliyosomwa katika majivu yetu

Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980 chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe walikuta alama za misikiti mingine, mmoja juu ya mwenzake, na ile ya chini kabisa ilijengwa kwa miti na udongo. Kwa kulinganisha tabaka za ardhi, vyungu na vipimo vya kaboni, wa kwanza uliwekwa mwishoni mwa karne ya 8 Miladia. Tuuzingatie ukubwa wa habari hii. Kwa muda mrefu waliandika watu kwamba miji yetu ilishushwa pwani na wageni, mawe yake na dini yake kwa pamoja. Shanga inaonyesha kijiji cha watu wa hapa, waliofinyanga vyungu vya hapa, wakaswali katika nyumba ya miti kama nyumba zao, na wajukuu wao wakaijenga upya kwa mawe. Uislamu ulikua nyumbani.

Pemba nako, Sarah Walshaw alichambua mbegu za Tumbe na Chwaka. Katika mji wa kale wa Tumbe, uliokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, chakula kikuu kilikuwa uwele. Chwaka, iliyostawi kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala, wakati ambapo maisha ya mjini, karamu na dini vilikuwa vikipanuka. Wali tunaoupakua katika sikukuu na harusi una tarikhi, na tarikhi hiyo imeandikwa na wapishi.

Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walichapisha uchunguzi wa mbegu kutoka maeneo 18 ya Afrika Mashariki na visiwa vyake. Bara na Unguja ilitawala nafaka ya Kiafrika: mtama, uwele na wimbi. Ngazija na jirani zake, na Bukini, ilitawala mpunga, choroko na pamba. Punje zenyewe zilipopimwa, zilisaidia kuonyesha kwamba watu wa kusini-mashariki mwa Asia walivuka bahari na mbegu zao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Saa hii ina mwisho wake. Baada ya miaka kama 50,000 kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Ndiyo sababu yule mtoto wa miaka kama mitatu aliyekutwa pangoni Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, amelazwa ubavu kwa uangalifu, hakupimwa kwa kaboni. Umri wake, miaka ipatayo 78,000, ulitokana na kupima mwanga uliohifadhiwa katika chembe za mchanga tangu zilipoliona jua mara ya mwisho.

Amana iliyo chini ya miguu yetu

Jiko ni jiko, liwe la Lamu au la milima ya Kilungu huko Makueni. Mkulima wa Kilungu achimbaye matuta shambani, na fundi wa Malindi achimbaye msingi, wote wawili waweza kukutana na tabaka jeusi la majivu, vigae na mifupa. Kigae peke yake kwa kawaida hakipimiki kirahisi kwa njia hii. Mara nyingi umri wake hutokana na mkaa uliolala kando yake. Mtu akikiokota akakiweka kabatini, amekitenga na shahidi wake. Wala hakuna haja ya kugusa makaburi ya wazee, ambayo yana hurma yake; mara nyingi majivu ya jiko yanatosha kabisa.

Basi tuwafundishe watoto wetu mambo machache. Wakikuta tabaka kama hilo, wasimame, wasichokore, wasioshe, wapige picha na wakumbuke mahali. Kisha wazazi wawaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya bila kuchelewa, kama inavyoagiza Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Wawindao hazina usiku hutoka mikono mitupu, na nyuma yao huacha shimo ambalo hakuna mtaalamu awezaye kulisoma tena.

Nasaba za masultani zina waandishi wake. Habari za mama waliopika, wakalea na kuwafuturisha watu wa miji hii zimo majivuni, na majivu yakishatimuliwa hayakusanyiki. Mwenyezi Mungu atujaalie kuitunza amana hii mpaka tuwakabidhi watakaokuja baada yetu.