Ibrahim Sekagya na Ukuta wa Cranes

Ibrahim Sekagya, aliyezaliwa Kampala tarehe 19 Desemba 1980, ni miongoni mwa mabeki wa Afrika Mashariki waliodumu muda mrefu katika soka la kulipwa nje ya Afrika, kwa kuwa alicheza Argentina, Austria na Marekani kwa zaidi ya muongo mmoja, na katika sehemu kubwa ya muda huo akaendelea kuitumikia timu ya taifa ya Uganda, iitwayo Cranes, ambayo hatimaye aliiongoza akiwa nahodha. Kwa msomaji wa Lemon Gaba, mtaa wa Juba, habari za beki huyu si habari za mbali, kwa sababu Uganda ndiyo jirani aliyewapokea wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, na pia ndiyo timu ya kwanza kucheza na taifa hilo jipya lilipoingia katika soka la kimataifa.

Sekagya alikuwa beki wa kati, yaani mmoja wa wachezaji wawili wanaosimama mbele ya kipa na ambao kazi yao ni kuziba njia fupi zaidi ya kufikia lango. Kazi hiyo haisifiwi inavyostahili, kwa kuwa mshambuliaji huhesabiwa kwa mabao aliyofunga ilhali beki hana hesabu ya mabao yaliyozuiwa. Beki anayeujua mchezo huanza kazi kabla mpira haujapigwa: husimama ubavu ili aone mpira na mshambuliaji kwa pamoja, hutupa jicho nyuma ya bega kuhakikisha hakuna anayemnyemelea, kisha huchukua hatua mbili za kurudi nyuma wakati kiungo wa upande wa pili anapoinua kichwa kutafuta pasi. Mpira unapofika, yeye amekwisha kufika, na mtazamaji aliyekaa jukwaani hudhani kwamba pasi ilikuwa mbovu. Huko ndiko kunakoitwa kuusoma mchezo, na ndiko kunakomwezesha beki kucheza hadi miaka ya thelathini na kitu, baada ya mbio kupungua.

Njia aliyoipita Sekagya haikuwa ya kawaida. Wachezaji wengi wa Afrika wanaotafuta maisha ya soka huelekeza macho Ulaya moja kwa moja, lakini yeye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alivuka Atlantiki hadi Buenos Aires, katika klabu ya Ferro Carril Oeste. Klabu hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Argentina mwaka 1982 na 1984, ila kufikia mwaka 2001 ilikuwa imeporomoka hadi daraja la tatu, na nchi yenyewe ilikuwa inaingia katika msukosuko mkubwa wa uchumi. Kijana wa Kampala alijifunza kazi mahali hapo, katika soka ambalo washambuliaji wake wana hila nyingi na mabeki wake hawaoneani haya, na Ferro ilipanda daraja mwaka 2003. Baadaye alichezea Atlético de Rafaela na Arsenal de Sarandí, na mwaka 2007 akasajiliwa na Red Bull Salzburg ya Austria.

Salzburg ndiko alikovuna mataji. Katika misimu sita aliyokaa huko, klabu ilitwaa ubingwa wa Austria mwaka 2009, 2010 na 2012, na mwaka huo wa mwisho ikaongeza Kombe la Austria. Katika msimu wa 2009/2010 ilishinda mechi zote sita za kundi lake katika Ligi ya Europa, mashindano ya pili kwa hadhi kati ya klabu za Ulaya, ingawa kundi hilo lilikuwa na Lazio ya Italia na Villarreal ya Hispania. Hata hivyo, Salzburg ya enzi hizo haikufanikiwa kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, ikawa inakwama kila mara katika raundi za mchujo.

Kukwama kwa namna hiyo Sekagya alikufahamu vizuri zaidi akiwa na jezi ya nchi yake. Uganda ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, ikafungwa 2–0 na Ghana mjini Accra, na tangu hapo haikurudi tena katika mashindano hayo kwa miaka 39. Miaka yote ya Sekagya katika Cranes imo ndani ya kiangazi hicho. Tarehe 2 Juni 2007 katika uwanja wa Namboole, Uganda iliilaza Nigeria 2–1, mabao yakifungwa na Sekagya mwenyewe na David Obua, lakini mwishowe Nigeria ikamaliza kileleni mwa kundi na Uganda, iliyoshika nafasi ya pili, ikabaki nyumbani. Kocha wa Cranes, László Csaba, aliondoka mwaka 2008, na aliyechukua nafasi yake alikuwa Mskoti, Bobby Williamson.

Chini ya Williamson, Uganda ilizikaribia sana fainali za 2012. Tarehe 8 Oktoba 2011 ilihitaji kuifunga Kenya nyumbani, Namboole, mbele ya uwanja uliofurika. Mechi ikaisha kwa suluhu, yaani bila bao kwa upande wowote, huku Angola ikishinda mechi yake na kuipita Uganda kwa pointi moja. Ugumu wa matokeo hayo kwa beki uko wazi: ukuta wake haukuruhusu bao hata moja, alifanya yote ambayo nafasi yake inamdai, na bado safari ikaishia hapo. Baada ya mechi hiyo Sekagya alistaafu soka la kimataifa, akiwa hajatimiza miaka 31. Kumhukumu kwa kukosa fainali hizo ni kumwonea, kwa maana mtu aliyekuwa akisafiri kutoka Argentina na Austria mwaka baada ya mwaka kuja kucheza mechi za kufuzu hakuwa na deni kwa nchi yake.

Mwaka 2013 alihamia New York Red Bulls, alikocheza pamoja na Thierry Henry na Tim Cahill. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo, katika ushindi wa 5–2 dhidi ya Chicago Fire, alifunga bao moja, na ushindi huo ukaipa klabu Ngao ya Mashabiki, tuzo ya timu yenye pointi nyingi zaidi katika msimu wa kawaida wa ligi ya Marekani. Lilikuwa taji kubwa la kwanza la klabu hiyo tangu ianze kucheza ligi mwaka 1996. Alitundika daluga baada ya msimu wa 2014, akageukia ukocha katika klabu hiyo hiyo.

Juba nayo ina tarehe yake katika habari hii. Sudan Kusini ilipokelewa FIFA, shirikisho la soka la dunia, mwezi Mei 2012, na tarehe 10 Julai, siku moja baada ya kutimiza mwaka wa uhuru, ikaikaribisha Uganda katika Uwanja wa Juba kwa mechi yake ya kwanza ya kimataifa. Ilikuwa sare ya 2–2, na mabao ya wenyeji yalifungwa na James Moga na Richard Justin Lado, ambaye hapo kabla alikuwa akiichezea Sudan. Ukuta wa Cranes uliofungwa mabao hayo mawili haukuwa tena na Sekagya, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wa Salzburg, akikabiliwa na msimu wake wa mwisho huko.