CHANG'AA IPOFUSHAYO MACHO

Mtu afikaye Tabaka, katika nchi ya Kisii, hukuta kazi ijulikanayo mpaka ng'ambo: wanaume huchimba jiwe laini na kulichonga kwa panga na kisu, na wanawake hulisugua kwa msasa na maji hata ling'ae. Mali ya mchongaji si jiwe. Mali yake ni mikono na macho. Basi yafaa tufahamu habari za ulevi uwezao kuyapofusha macho hayo kwa siku moja.

Kileo nacho ni dawa ya kulevya, ingawa wengi wetu tukisikia maneno hayo hukumbuka bangi tu. Chang'aa peke yake yatosha kumharibu mtu aizoeaye. Lakini balaa kubwa zaidi huja pale muuzaji mwenye tamaa anapoitia methanoli, yaani spiriti ya viwandani itumikayo kuyeyushia rangi, ili ilevye upesi na faida izidi.

Mnywaji hawezi kuitambua methanoli kwa ladha wala kwa harufu. Wako waijaribuo chang'aa kwa kuiwasha moto. Hilo ni kosa, kwani methanoli nayo huwaka. Saa za kwanza mtu huona ulevi wa kawaida, kumbe ini lake linaigeuza methanoli kuwa tindikali, ya namna ile waliyo nayo baadhi ya sisimizi, nayo hushambulia mishipa ya macho. Baada ya nusu siku au siku nzima kichwa huuma, tumbo husokota, mtu hutapika na kuona ukungu. Vijiko viwili vidogo vya methanoli vyaweza kupofusha. Vikizidi kidogo, huua.

Haya si hadithi. Mnamo Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hii, na wengine wakapofuka. Mei 2014 ikaua tena watu wengi katika Embu, Kiambu na kwingineko. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa iuzwe, lakini kwa leseni, tena katika chupa yenye maelezo. Ile ya kibuyu na mtungi gizani haimo katika ruhusa hiyo.

Basi mtu akilalamika macho baada ya kunywa, msimwache alale mkidhani ulevi utamtoka, wala msimpe maziwa mkatosheka. Mpelekeni hospitali saa ile ile, mkaseme wazi alichokunywa, hata kama mwaona haya. Madaktari wanazo njia za kulizuia ini lisifanye kazi ile na za kuisafisha damu, lakini kila saa ipitayo hupunguza tumaini.

Mchongaji akivunja kinyago, huchukua jiwe jingine akaanza upya. Macho yakiisha kufa, hapana machimbo ya kuyapata mengine.