Hila si hiana: funzo la vita vya mezani

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Basi leo, wasomaji wapenzi, sitaficha. Nitawasimulia jambo nililolifanya nilipokuwa kijana, jambo ambalo hakuna aliyelijua ila Mola na mimi mwenyewe. Halikuhusu mali ya mtu wala damu ya mtu. Lilihusu kipande cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole gumba, kilichochorwa bomu upande mmoja, nami nikakisogeza hatua moja ilhali kanuni zilisema kisisogee.

Atakayecheka na acheke, lakini asome mpaka mwisho, kwani kipande kile kilinifunza tofauti iliyopo kati ya hila na hiana.

Mchezo wenyewe waitwa Stratego. Sanduku lake alikuja nalo kaka yangu, aliyekuwa baharia, katika mojawapo ya safari zake. Mimi na sahibu yangu mmoja, tuliyesoma chuo pamoja, tukautia moyoni. Tukishasali alasiri hutandika jamvi barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, tukaweka ubao katikati, na tukisikia adhana ya magharibi hufunika.

Ubao una miraba mia moja, kumi kwa kumi, na katikati mna maziwa mawili yasiyopitika. Kila mchezaji ana vipande 40: jemadari mkuu mmoja, jenerali mmoja, makanali na maafisa wa chini yao, wategua mabomu watano, askari wa doria wanane, jasusi mmoja, mabomu sita na bendera moja. Anayeinyakua bendera ya mwenziwe ndiye mshindi. Lakini hapa ndipo penye utamu wake: vipande vya mwenzio vyote vimekupa mgongo. Huvijui mpaka kimoja chake kigongane na chako. Hapo viwili hivyo huonyeshwa, na mwenye cheo kidogo huondolewa. Bomu humwua kila anayeligusa isipokuwa mtegua mabomu. Jasusi, aliye mnyonge kuliko wote, akimvamia jemadari mkuu humwangusha. Na bomu na bendera, vikishawekwa mahali pake, havisogei hata mchezo uishe.

Asili ya mchezo huu ni mchezo wa Kifaransa, L'Attaque, ambao bibi mmoja aitwaye Hermance Edan aliuombea hati ya ubunifu mwaka 1908. Stratego yenyewe ilitokea Uholanzi katika miaka ya 1940, na kufikia mwaka 1961 ilikuwa ikiuzwa Marekani.

Sisi watu wa pwani tumezoea bao. Mashimo ni 32, kete ni 64, na zote zi wazi kama jua la saa sita. Mpiga bao hodari hana anachokificha ila hesabu iliyomo kichwani mwake, na akitaka kudokoa kete, baraza zima lina macho. Mchezo wa siri ni mlango mwingine. Huo ni jamaa ya dhumna na karata, ambako kila mtu ameshika chake na kukikinga kwa kiganja. Hata huko twaujua mpaka. Kutupa dhumna ya kumpoteza mpinzani ni ufundi. Kumkoholea mshirika wako ili ajue ulicho nacho ni wizi.

Katika Stratego hila ina uwanja mpana. Waweza kumtwaa sajini asiyefaa kitu ukamsogeza mbele kifua wazi, mwenzio akamdhania jemadari akakimbia. Waweza kuiweka bendera pembeni pasi na mlinzi, na mabomu ukayazungusha kwenye boma tupu, mwenzio akawamaliza wategua mabomu wake wote hapo bure. Yote hayo ni halali ya mchezo, na anayeshindwa kwayo hucheka na kusema, "Umenipata." Sisi wawili tukaongeza sharti letu: kipande na kidanganye kitakavyo, lakini ulimi usidanganye. Hakuna kuapa, wala hakuna kusema "huyu ni jenerali" na hali siye.

Jioni moja nilikuwa taabani. Jemadari wangu mkuu amekufa, na askari wangu wengi wamelala sandukuni. Kanali wa sahibu yangu alikuwa amekwisha kujulikana, naye yuaja upande wa kushoto, amebakisha hatua chache kuifikia bendera yangu. Njia ilikuwa tupu, na kando ya njia lipo bomu. Jenerali wangu alikuwa hai, lakini mbali. Mwenzangu hakujua aliko. Nikalishika bomu, moyo wanidunda, nikalisogeza mraba mmoja kuiziba njia. Nililisogeza mbele ya macho yake. Aliuona mkono wangu, akakiona kipande, asiione dhambi.

Yeye akafanya hesabu ambayo kila mchezaji mzuri angeifanya. Kipande kilichokaa kimya jioni nzima kimeinuka kumkabili kanali anayejulikana. Basi hicho si bomu, ni jenerali aliyekuwa akimvizia. Akamrudisha kanali nyuma. Hatua kadhaa baadaye askari wangu wa doria akaifikia bendera yake.

"Umenighuri hasa!" akasema kwa furaha ya mtu aliyeshindwa kwa haki. "Nilidhani lile ni bomu, kumbe jenerali amelala!"

Sikujibu. Ulimi wangu haukusema uwongo, sharti letu nimelitimiza. Ila mikono yangu ilikuwa ikivikusanya vipande upesi upesi na kuvitia sandukuni kabla hajakigeuza hata kimoja.

Kitendo kile kilinikaa. Kwa miaka mingi baadaye nikawa nasoma kila nilichokipata juu ya michezo ya vita, nikitaka kujua wenzetu wamefanyaje ili siri iwepo na haki iwepo. Nikakuta kwamba shida yangu ya barazani ni shida ya zamani, hata ya majeshi makubwa.

Mwaka 1824 afisa kijana wa Prussia, von Reisswitz, alitangaza mchezo wa vita alioutengeneza kwa kuendeleza kazi ya baba yake. Ulichezwa juu ya ramani, kwa dadu, na kati ya pande mbili alikaa mwamuzi. Kila upande ukiandika amri zake na kumkabidhi yeye. Mwamuzi ndiye aliyejua vikosi vyote viliko, naye akiweka juu ya ramani vile tu ambavyo askari wa upande ule wangeviona kwa macho yao. Kwa njia hiyo siri ikawa mikononi mwa mtu wa tatu, si mikononi mwa mwenye kuitamani.

Mwaka 1899 Mwingereza Henry Michael Temple akaigeuza sataranji kwa mtindo huo. Ubao ni tatu: kila mchezaji ana wake wenye vipande vyake tu, na mwamuzi ana ule wa kweli. Wachina nao wanao mchezo wa vita vya nchi kavu unaofanana na Stratego, na aghalabu huketi mtu wa tatu anayetazama vipande vilivyogongana, akaondoa kilichoshindwa pasi na kuwaambia wachezaji kilikuwa nini.

Lakini mwamuzi naye ni binadamu. Wakati wa vita vikuu vya pili Waingereza walikuwa na nyumba ya mafunzo Liverpool, iliyoanzishwa mwaka 1942 chini ya Kapteni Gilbert Roberts, pamoja na mabinti wa jeshi la wanamaji. Sakafu ya chumba ndiyo iliyokuwa bahari. Maafisa waliofunzwa kuzilinda meli waliwekwa nyuma ya mapazia ya turubali, wachungulie katika matundu, waone kile tu ambacho nahodha angekiona baharini. Njia za nyambizi za adui zilichorwa kwa chaki ya rangi ambayo kutoka matunduni haikuonekana. Mabinti wale waliona kila kitu na wakaitunza siri ya pande zote mbili. Maafisa karibu 5,000 walipitia mafunzo hayo, nao walikwenda baharini wakijua kwamba walichofunzwa hakikutiwa mkono.

Sasa tazama upande wa pili. Mwezi Mei mwaka huo huo wa 1942, maafisa wa Japani waliicheza mezani, ndani ya manowari Yamato, vita waliyoikusudia ya kisiwa cha Midway. Mwamuzi akatupa dadu, ikatoka kwamba mabomu tisa ya Wamarekani yamelenga, na manowari mbili za kubebea ndege, Akagi na Kaga, zimezama. Admeri Matome Ugaki, msimamizi wa mchezo, akaamuru yahesabiwe mabomu matatu tu: Kaga izame, Akagi ijeruhiwe kidogo. Kisha hata Kaga ikafufuliwa iingie katika mchezo uliofuata. Ndivyo walivyosimulia baada ya vita maafisa Fuchida na Okumiya, na Okumiya ndiye aliyezitupa dadu zile.

Mwezi wa Juni Japani ilipoteza huko Midway manowari nne za ndege, Akagi na Kaga zikiwa miongoni mwazo. Sisemi kwamba dadu zingewaokoa. Dadu si mpiga ramli. Nasema tu kwamba aliyekuwa na siri zote mkononi alijificha yeye mwenyewe.

Na Akagi si jina geni kwa mji wetu. Aprili 1942 ndege zake zilikuwa miongoni mwa zile zilizoushambulia mji wa Colombo, na kwa hatari ile meli za kivita za Waingereza zikavuta nanga mpaka Kilindini. Katika skuli ya Allidina Visram, hapa hapa Mombasa, wakawekwa watu wa kuzifumbua salamu za siri za Wajapani. Kwa hivyo vita vya kufichana na kutafutana vilipigwa hata mlangoni petu.

Najua watakaouliza: je, michezo hii yafaa? Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya sataranji. Katika madhehebu yetu ya Kishafii kauli mashuhuri ni kuwa ni makuruhu, maadamu hapana kamari, haimpitishi mtu sala, wala haimtoi maneno machafu. Zaidi ya hapo kila mtu na amwulize maalim wake. Langu mimi ni hili la hila na hiana, nalo dini yetu haikuliacha.

Twakijua kisa cha vita vya Khandaq, mwaka wa tano wa Hijria, yaani 627. Nuaim bin Masud alikuwa amesilimu na maadui hawana habari. Akapita kwa hawa na kwa wale, akatia shaka baina ya makundi yaliyoungana dhidi ya Madina, mpaka yasiaminiane. Hiyo ni hila ya vita, na haikulaumiwa. Lakini twakijua pia kisa cha Hudhaifa bin Al-Yaman na babake. Makureshi waliwashika njiani, wakawaachilia kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume (S.A.W.). Ikaja Badr, Waislamu ni wachache na kila mkono wahitajiwa. Hata hivyo Mtume aliwaambia waitimize ahadi, nao hawakupigana siku ile.

Hapo ndipo nilipolipata jibu langu. Adui waweza kumficha ulipo na unachokusudia, lakini neno ulilompa ni amana, hata akiwa adui. Nasi barazani hatukuwa maadui. Kanuni za mchezo ndizo ahadi yetu, na bomu lisilosogea ni sehemu ya ahadi hiyo. Sajini aliyejifanya jemadari aliificha siri ndani ya ahadi. Bomu lililotembea liliivunja ahadi chini ya pazia la siri. Kwa macho vitendo vile viwili havitofautiani hata kidogo, na kwa sababu hiyo ndiyo mchezo wa siri unahitaji uaminifu zaidi kuliko bao.

Miaka ilipita. Sahibu yangu alikwenda Ghuba kufanya kazi, mimi nikabaki. Aliporudi likizo mara moja, tumeketi baraza ile ile na kahawa chungu mkononi, nilimwambia.

"Ndugu yangu, siku ile ya kanali, kile hakikuwa jenerali. Kilikuwa bomu."

Alinyamaza, akakizungusha kikombe.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini na ile michezo mingine uliyonishinda?"

"Mingine ilikuwa ya haki, Mungu shahidi yangu."

"Huenda. Mimi nitajuaje?"

Sikuwa na la kumwambia, na mpaka leo sina. Mwizi wa kete katika bao huiba mchezo mmoja. Mimi kwa hatua moja nilimwibia jioni zetu zote, zile nilizoshinda kwa haki na zile alizozifurahia kwa kunipa hongera.

Tungali twacheza kila anapokuja. Yeye ndiye aliyeanzisha ada tunayoifuata sasa: mchezo ukiisha, hapana mkono unaokusanya kitu mpaka vipande vyote vimegeuzwa tukavitazama pamoja. Na kila mara mimi ndiye ninayeanza kugeuza vyangu.